Mbabula, kengele ya gazi na picha mbili za video



Mara hii ukurasa wetu wa Usalama na Afya hausemi habari ya kofia ya kazi wala ya viatu. Unasema habari ya picha ya video. Labda utauliza: "Munganga ameacha dawa, ameingia katika sinema?" Hapana. Soma mpaka mwisho. Utaona kwamba picha inaweza kuponya mtu, na inaweza kumuua pia, sawasawa na dawa iliyotolewa vibaya.

Sababu ya kuandika ni hii. Hapa Koni, picha mbili za video zinatembea sasa kutoka telefone hata telefone. Zote mbili zinaonyesha chombo kimoja: kengele ndogo nyeupe ya kutundika nyumbani, inayonusa gazi ya moto wa makala, inayolia kwa nguvu, na inayotuma habari katika telefone ya mwenye nyumba. Picha hizo mbili zinafanana kama watoto mapacha. Lakini moja inasema kweli, na nyingine inasema maneno matatu ambayo yanaweza kuweka familia yako kaburini. Mimi nimo katika zote mbili. Kwa hiyo ni wajibu wangu kukueleza.

VIJANA WATATU MLANGONI

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa baridi. Wewe unayekaa Koni unaijua baridi ile. Usiku unashuka pamoja na mto Lufira, maji ya santrali yananguruma, na kila nyumba inatafuta moto.

Sisi wa Koni tunakaa karibu na umeme kuliko watu wengi. Santrali ya Mwadingusha ilianza kazi mwaka 1930, na ya Koni, chini yake kwenye mto uleule, ilianza mwaka 1950. Lakini kukaa karibu na mto si kunywa. Umeme ukikatika, au ukiwa hautoshi kupika bukari na sombe, mama anarudia makala na mbabula. Baridi ikizidi, baba mwenyewe anasema: "Ingizeni mbabula ndani, watoto wapate joto." Wanafunga mlango, wanaziba dirisha na nguo, wanalala.

Jioni moja vijana watatu wa kambi walikuja kwenye dispensere. Ni watoto wetu, mara nyingi nimewafunga vidonda vya mpira. Walisema:

"Munganga, tuko na kazi ya kukuomba. Mchuuzi mmoja wa Likasi ameleta kengele za gazi. Anataka tumfanyie video ya kuzitambulisha kwa watu. Atatulipa. Weye utavaa koti yako nyeupe, utasema maneno kidogo tu."

Sitaficha, nilifurahi. Nani hapendi kuonekana? Nikauliza: "Maneno gani?"

Wakanionyesha karatasi. Picha ya kwanza: mtoto amelala juu ya mkeka, mbabula nyekundu iko karibu naye, mlango umefungwa. Picha ya pili: kengele inalia. Picha ya tatu: baba anaamka, anamkumbatia mtoto, wote wanacheka. Picha ya mwisho: mimi, koti nyeupe, ninanyoosha kidole na kusema: "Lala bila woga!"

Nikauliza tena: "Na kengele mtaifanya ilie namna gani?"

Mkubwa wao akajibu bila kusita: "Si tutaingiza mbabula ya kweli, Munganga? Tutafunga mlango, tutangoja. Mdogo wangu atalala pale. Ikilia, tutakamata picha."

Hapo furaha yangu ikaisha. Nikawaambia: "Kaeni chini. Kabla ya video, sikieni kwanza habari ya gazi hii."

GAZI ISIYO NA RANGI WALA HARUFU

Na wewe msomaji, kaa chini pamoja nao.

Makala yakiwaka bila hewa ya kutosha, yanatoa gazi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi. Haina harufu. Haichomi macho kama moshi wa kuni. Watu husema: "Makala haya yamekwisha kuwa mekundu, hayatoi moshi tena, sasa tuyaingize ndani." Ni kosa. Makala mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa gazi hiyo.

Katika damu yetu kuna kitu chekundu kinachobeba hewa safi, yaani oksijeni, kutoka mapafuni kwenda katika ubongo na moyo. Gazi hii inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Fikiri gari la watumikaji asubuhi. Kama wageni wamekwisha kukaa juu ya viti vyote, na hawataki kushuka, watumikaji watabaki njiani. Gari linakwenda, lakini kazini hakufiki mtu. Ndivyo damu inavyozunguka bila kupeleka oksijeni.

Alama zake ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, akili kuchanganyika, usingizi mzito. Wanaodhurika upesi ni mtoto mdogo, mzee, mgonjwa wa moyo, na mama mwenye mimba pamoja na mtoto aliye tumboni.

Sasa angalia vizuri: kichwa, kutapika, kulegea. Alama hizo hazikukumbushi ugonjwa mwingine? Ndiyo. Malaria. Na hapo ndipo ninapofika kwenye kosa langu mwenyewe.

KOSA LANGU

Kabla ya kuja Koni nilifanya kazi mahali pengine, sitapataja. Nilikuwa nimetoka shuleni bila kukaa miaka mingi. Asubuhi moja ya baridi mama mmoja alileta watoto wawili na mama mkwe wake, mzee. Wote walilalamika kichwa, mtoto mmoja alitapika. Nilipima joto: hapakuwa na homa. Niliwabana kidoleni kile chombo kidogo kinachopima oksijeni. Kilionyesha hesabu nzuri. Nikasema moyoni: "Malaria inaanza." Nikawapa dawa, nikawarudisha nyumbani.

Sikuuliza swali moja tu: "Jana usiku mlilala na mbabula?"

Na kile chombo cha kidoleni kilinidanganya, kwa sababu sikujua tabia yake. Chombo cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyokamatwa na kaboni monoksidi. Zote mbili kinaziona nyekundu. Kinasema "vizuri" wakati mtu anakufa.

Usiku ule walilala tena katika chumba kilekile, na mbabula ileile. Asubuhi watoto waliamka kwa shida, mama aliweza kuwavuta inje. Mama mkwe hakuamka.

Hakuna mtu aliyenilaumu. Walisema: "Alikuwa mzee, saa yake ilifika." Mimi ninajua kwamba saa yake iliharakishwa, na mimi nilikuwa na njia ya kuizuia. Tangu siku ile, mgonjwa wa kichwa akija wakati wa baridi, ninauliza mambo matatu: Nyumbani mmeugua wote kwa mara moja? Ukitoka inje unapata nafuu? Mlilala na moto ndani? Na wewe ukija dispensere, usingoje munganga akuulize. Sema mwenyewe: "Tulilala na mbabula."

Nilipomaliza kusema hayo, vijana wale watatu walinyamaza. Mkubwa alikunja karatasi yake, akaiweka mfukoni.

NDEGE WA WACHIMBAJI

Kengele yenyewe si jambo baya. Wewe mtu wa migodi unapaswa kuielewa kuliko wengine.

Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, wachimbaji walikufa mara nyingi kwa gazi hii, hasa baada ya mlipuko. Mtaalamu mmoja, John Scott Haldane, alichunguza vifo hivyo katika miaka ya 1890, akashauri wachimbaji wachukue ndege mdogo anayeitwa kanari. Ndege huyo anapumua upesi, mwili wake ni mdogo, kwa hiyo gazi inamwangusha kabla ya kumwangusha mtu. Ndege akiyumba, watu wanatoka mbio. Mwaka 1986 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba ndege hao wataondolewa, na mashine za kupima zitashika fasi yao.

Kengele ya nyumbani ni mtoto wa mashine hizo. Lakini fahamu: mchimbaji aliyebeba ndege hakusema, "Sasa nina ndege, nitakaa ndani ya gazi bila woga." Alisema, "Nina ndege, ataniambia saa ya kukimbia." Ni maneno mawili tofauti kabisa.

Tena kengele hailii palepale. Kanuni ya Ulaya inaagiza hivi: gazi ikiwa sehemu 50 katika milioni ya hewa, kengele ilie baada ya dakika 60 hadi 90. Ikiwa sehemu 100, ilie baada ya dakika 10 hadi 40. Ikiwa sehemu 300, ilie kabla ya dakika 3 kupita. Kwa hiyo kengele inaweza kukaa kimya saa nzima, na gazi kidogo imo ndani, na mama mwenye mimba anaivuta. Kimya cha kengele si ruhusa ya kuingiza mbabula.

HATA WAKUBWA WALITELEZA

Usidhani kwamba kosa la kusifu chombo kupita kiasi ni la vijana wa kambi tu. Sikia habari ya Marekani.

Mwezi wa kumi 2013, kampuni ya Nest Labs ya California ilitambulisha kengele ya moshi na ya gazi iliyoitwa Nest Protect. Kilikuwa chombo chenye akili: kilisema kwa sauti ya mtu, kilituma habari katika telefone, na kilikuwa na jambo moja lililopendeza wengi. Kama umeunguza chakula na kengele inalia bure, unapunga mkono chini yake, inanyamaza. Jambo hilo lilitangazwa sana. Mwezi wa kwanza 2014 Google ilitangaza kwamba itainunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 3.2.

Mwezi wa nne 2014, mkubwa wa Nest, Tony Fadell, alitangaza kwamba wanasimamisha kuuza chombo hicho. Wao wenyewe, katika kukipima, waligundua kwamba watu wakijongea kwa namna fulani, kengele inaweza kudhani wamepunga mkono, ikachelewa kulia katika moto wa kweli. Kulepuka moto unatupa mikono, sivyo? Mwezi wa tano kengele kama 440,000 zilitajwa katika mwito wa kuzitengeneza, na ile akili ya kunyamazishwa kwa mkono ilizimwa kwa njia ya intaneti.

Jambo lililosifiwa mbele ya watu ndilo lililogeuka hatari. Lakini tuseme kweli: walipoona kosa walilisema hadharani, ingawa ilikuwa hasara. Mtu wa usalama anapaswa kufanya hivyo.

Habari ya pili iko karibu zaidi. Kenya, tangu mwaka 2012, kampuni ya M-KOPA iliuza vyombo vya umeme wa jua kwa nyumba zisizo na waya. Mtu alitanguliza feza kidogo, kisha alilipa kila siku kwa telefone, shilingi 40 hapo mwanzoni. Ndani ya sanduku mna kadi ya simu. Usipolipa, taa zinazimwa kutoka mbali. Ni mapatano, si udanganyifu, mradi mnunuzi ameambiwa mbele. Kwa hiyo chombo chochote chenye akili, uliza: nani mwingine ana mkono ndani yake? Taa ikizimwa kwa deni utakaa gizani tu. Kengele ya gazi ikizimwa, hutajua.

TULIVYOTENGENEZA VIDEO

Nilikataa maneno "Lala bila woga". Nilikataa mbabula ya kweli katika chumba kilichofungwa. Lakini sikukataa video. Niliwaambia vijana: "Tuifanye upya, nitavaa koti." Walikuwa na wasiwasi juu ya malipo yao, na hilo si jambo dogo kwa kijana asiye na kazi. Hata hivyo walikubali.

Kanuni ya kwanza tuliyoweka: hakuna mtu atakayehatarishwa kwa ajili ya picha. Hatukulaza mtoto karibu na moto, hata kwa dakika moja. Mbabula ilibaki inje, katika lupango. Ili kengele ilie, tulibonyeza kifungo chake cha kujaribia, na katika video kijana anasema wazi: "Hapa tumebonyeza kifungo." Kwa nini kusema? Kwa sababu kifungo kinaonyesha kwamba betri na sauti ni nzima. Si lazima kionyeshe kwamba pua ya kengele bado inanusa. Ile pua inazeeka. Kwa kengele nyingi inadumu miaka 5 hadi 10, na mwaka wa kuitupa umeandikwa nyuma ya chombo.

Kanuni ya pili: kitendo kimoja, picha moja. Wakati wa zamani, mwaka 1935 hadi 1937, palikuwa na jaribio la sinema za mafundisho huko Vugiri, Tanganyika. Walitengeneza filamu 35, wakazizungusha kwa lori katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, na maneno ya lugha mbalimbali yakipigwa katika sahani za gramafoni. Tangu wakati ule watu wa sinema walibishana namna ya kumwonyesha mtu jambo la afya akalielewa. Mzungu mmoja, John Wilson, alisimulia kwamba filamu ya usafi ilionyeshwa kwa watu fulani wa Afrika, na walipoulizwa wameona nini, walijibu: "Tumeona kuku." Watengenezaji wenyewe hawakujua kama kuna kuku. Walitazama filamu tena, wakamwona amepita haraka pembeni. Wengine waliwacheka watazamaji. Mimi nasema watazamaji walikuwa na macho mazuri. Aliyekosa ni yule asiyetazama picha yake mwenyewe.

Sisi pia tulipata kuku wetu. Picha ya kwanza tuliyoikamata ilionyesha mama anatoa mbabula inje. Vizuri sana. Lakini nyuma yake, ndani ya nyumba, mbabula ya pili ilionekana imewaka. Kamera iliiona, sisi hatukuiona. Tulirudia.

Kanuni ya tatu: aseme mwenye nyumba. Maneno mengi tulimwachia mama mmoja wa kambi, kwa Kiswahili cha hapa kwetu, kile cha sokoni. Mimi nilisema sentensi mbili tu mwishoni. Koti nyeupe ina nguvu, kwa hiyo ivaliwe kwa maneno machache na ya kweli.

Kanuni ya nne: mwisho wa video uwe ni kitendo, usiwe sifa. Mahali pa "Lala bila woga" tuliweka haya: "Mbabula inje. Dirisha wazi. Kengele ikilia, toka na watu wote."

MASWALI YA WATU WA KAMBI

Jumamosi jioni tuliionyesha katika nyumba ya mikutano. Ilidumu dakika moja na nusu. Watoto walianza mara moja kuiga sauti ya kengele, na nadhani hata leo hawajaacha.

Mama mmoja aliinua mkono: "Sasa betri ikimalizika, nani atalia?" Vijana walitazamana. Hatukuwa tumesema habari ya betri.

Baba mmoja wa santrali akauliza: "Mtandao wa telefone ukikosekana, kengele itanyamaza?" Tulijaribu palepale. Tulizima telefone, tukabonyeza kifungo, ililia. Lakini hilo halitoshi. Kengele nzuri inapaswa kunusa na kulia yenyewe, bila telefone wala mtandao. Swali hili mwulize mchuuzi, akuonyeshe katika karatasi ya chombo.

Kisha mzee mmoja aliyekwisha kustaafu alisimama. Alisema polepole: "Munganga, picha ni nzuri. Lakini sisi tusio na feza ya kununua kengele, tufe?"

Lilikuwa swali la jioni ile. Kengele ni msaada kwa aliye nayo. Lakini kinga ya kwanza haiuzwi dukani: ni kutoa mbabula inje kabla ya kulala, na kujifunika mablanketi. Usiku uleule vijana walikamata picha nyingine ya nusu dakika: nyumba isiyo na kengele, mama anatoa mbabula, baba anafungua dirisha, watoto wanalala pamoja chini ya mablanketi mawili. Waliiweka mwanzoni mwa video, na habari ya betri wakaiongeza mwishoni.

PICHA YA PILI

Mchuuzi hakufurahi. Alinipigia telefone: "Munganga, umeniharibia biashara. Nani atanunua kengele ukimwambia atoe mbabula inje?" Nilimjibu kwamba gazi haitoki katika mbabula ya jirani tu. Kuna groupe ya umeme inayowashwa karibu na dirisha, kuna anayesahau, kuna mgeni asiyejua. Kengele ina kazi. Lakini kazi yake ni kuamsha, si kubembeleza.

Aliwalipa vijana nusu ya feza waliyopatana. Kisha akamtafuta mtu mwingine akate video yetu. Walitoa nyumba isiyo na kengele, wakatoa betri, wakatoa maneno yangu. Waliacha koti yangu nyeupe, na juu yake waliandika kwa herufi kubwa: LALA BILA WOGA.

Hiyo ndiyo picha ya pili. Ukiona mimi ninafungua kinywa na sauti haisikiki, na maneno hayo yameandikwa kifuani pangu, ujue sikuyasema. Usiipeleke kwa mwingine. Tuma ile ya kwanza, inayoanza na mablanketi.

Vijana wamepoteza nusu ya malipo, na hilo linaniuma. Lakini mkubwa wao aliniambia kwamba nyumbani kwao, mama yake sasa anatoa mbabula kabla ya sala ya usiku. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kwamba katika mwaka 2020 moshi na gazi za jikoni ziliua watu kama milioni 3.2 duniani. Mama yule ametoa nyumba yake katika hesabu hiyo, bila kununua kitu.

KATA UKURASA HUU, UBANDIKE UKUTANI

Ukiona video ya kutambulisha chombo chochote cha nyumbani, uliza:

1. Kinafanya kazi umeme au mtandao ukikatika?
2. Betri inadumu muda gani, na inapatikana wapi?
3. Mwaka wa kukitupa umeandikwa wapi?
4. Kinanusa nini: moshi, gazi, au vyote viwili? Kengele ya moshi tu haijui kaboni monoksidi.
5. Video imeonyesha jambo ambalo chombo hakiwezi kufanya? Kama imeonyesha sifa tu, ngoja kwanza.

Kengele ikilia, au watu wengi wa nyumba wakiumwa kichwa kwa mara moja:

1. Toka inje na watu wote. Usirudi kuchukua vitu.
2. Fungua mlango ukiwa unatoka. Mbabula iache.
3. Hesabu watu. Mtoto aliyelala usidhani amelala tu. Mbebe.
4. Njoo dispensere, hata ukijisikia nafuu. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gazi inachukua saa 4 hadi 6 kutoka katika damu. Kwa oksijeni safi ya lopitali, inatoka kwa saa moja au moja na nusu hivi.
5. Sema neno la kwanza kwa munganga: "Tulikuwa na moto ndani."

Ndugu mtumikaji, kazini unakubali kutoka mgodini king'ora kikilia, hata kama huoni hatari. Nyumbani wewe ndiwe shefu wa usalama. Leo jioni, kabla ya kufunga mlango, uliza swali moja, kwa sauti, watoto wasikie:

MBABULA IKO WAPI?